Kufungua, Kukarabati na Kuimarisha Giaboksi ya ATV Iliyoharibika

Maswali ya wanaoanza kuhusu giaboksi ya ATV (pikipiki ya magurudumu manne) hayabadiliki sana: kwa nini gia ya pili inaruka, je, ni lazima injini yote ifunguliwe, je, gia moja iliyovunjika inaweza kubadilishwa peke yake, na kinunuliwe nini ili isivunjike tena. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu kuthibitisha ubovu hadi safari ya kwanza ya majaribio. Unahusu ATV za gia za kubadilisha kwa mguu, ambazo giaboksi yake imo ndani ya kasha moja na krenki, kama vile Yamaha Banshee, Yamaha Raptor na Honda TRX450R. ATV za kazi zinazoendeshwa kwa mkanda na puli zina giaboksi ndogo iliyojitenga. Ukaguzi wake wa meno, beringi na sili ni ule ule, lakini mkanda na puli vina taratibu zake na havimo humu.

Kabla hujaagiza sehemu ya bei kubwa, fahamu kwamba giaboksi nyingi zilizovunjika hazikuvunjika kwa sababu chuma chake kilikuwa dhaifu. Zilivunjika kwa sababu foki (uma unaosogeza gia) ilipinda, saklipi (pete ya chuma inayoizuia gia isisogee kwenye shafti) iliachia, klachi haikuwa ikiachia sawasawa, oili ilipungua, au cheni ilikazwa kupita kiasi hadi ikaivuta shafti ya kutoa kila mara ekseli ya nyuma ilipopanda na kushuka. Ukifunga gia imara huku chanzo kikiwa bado kipo, utavunja gia imara.

Nadharia unayoihitaji ni hii tu. Ndani ya giaboksi kuna shafti mbili: ya kuingiza, ambayo hupokea nguvu kutoka kwenye klachi, na ya kutoa, ambayo hubeba sproketi ya mbele. Gia zote za shafti hizi zimeshikana meno wakati wote, ila katika kila jozi moja huzunguka bure. Unapokanyaga pedali ya gia, ngoma ya gia huzunguka, mifereji yake huzisogeza foki, na foki huisukuma gia jirani pembeni hadi meno yake ya ubavuni yaingie katika madirisha ya gia iliyokuwa ikizunguka bure. Basi ATV inaposemwa kuwa inaruka gia, mara nyingi hayo meno ya ubavuni ndiyo yanayoteleza na kutoka madirishani. Yale meno makubwa ya mzunguko hayajaachana.

Thibitisha ubovu kabla ya kutenganisha kasha

Wengi hutenganisha kasha zima na kugundua kwamba tatizo lilikuwa springi moja iliyo nje. Anza kwa kumwaga oili ikiwa ya moto, ukiipitisha kwenye kitambaa cheupe. Ujiuji wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia ni wa kawaida. Vipande vyenye kingo kali, au chembe ngumu unazozihisi kati ya vidole, si vya kawaida. Kisha fungua kifuniko cha upande wa klachi, au upande wowote ambao injini yako imeweka utaratibu wa nje wa gia, ukague mkono wenye roli unaoituliza ngoma, springi yake, nyota iliyo kwenye ncha ya ngoma pamoja na bolti inayoishika, na springi ya kurudisha shafti ya pedali. Kagua pia klachi yenyewe, kwa sababu klachi isiyoachia kabisa huwafanya watu wengi wailaumu giaboksi.

Dalili husaidia kutofautisha. Ikiwa gia moja tu ndiyo inayoruka unapotia moto (unapoongeza mwendo wa injini), ubovu uko ndani: meno ya ubavuni, dirisha au foki ya gia hiyo. Ikiwa gia zote zinayumba, anza na roli na springi ya ngoma. Kelele inayosikika injini ikiwa nyutro na kunyamaza unapobonyeza klachi huelekeza kwenye beringi za shafti ya kuingiza. Magurudumu yakijifunga ghafla wakati ATV inakwenda, usiiendeshe tena hata kwa kujaribu. Giaboksi iliyoingia gia mbili kwa mpigo humrusha mwendeshaji.

Mahitaji

Kitabu cha ufundi cha modeli na mwaka wa ATV yako ni cha lazima. Mwongozo huu hauwezi kukupa vipimo vya kila injini, na kukisia torki (nguvu ya kukazia bolti) au kikomo cha uchakavu ndiko kunakoharibu kazi nyingi za aina hii. Zaidi ya hapo utahitaji:

- pula ya magneto ya ukubwa wa injini yako, na pula ya kutenganishia kasha ikiwa kasha lako limegawanyika kushoto na kulia;
- kishikio cha kikapu cha klachi, spana ya torki, nyundo ya plastiki, plaisi za saklipi na pula ya beringi zilizo katika shimo lisilotoboka;
- kalipa au mikromita, geji ya nafasi, na kipande cha kioo cha kubingirishia fito za foki;
- oveni ambayo haitapikiwa chakula tena, pamoja na friza;
- gundi ya kufungia nati, gundi ya gasketi iliyotajwa kitabuni, na oili safi;
- saklipi zote, sili zote, gasketi zote na washa zote za kukunja, zikiwa mpya.

Kuhusu hilo la mwisho, usijadiliane na nafsi yako. Saklipi iliyopanuliwa mara moja haina tena nguvu ile ile ya kubana, na ni sehemu ndogo kuliko zote zinazoweza kuua giaboksi nzima.

Hatua za kazi

1. Osha injini ikiwa bado kwenye fremu, ukiwa umeziba njia ya hewa na ekzosi, kisha utenganishe betri. Legeza nati ya sproketi ya mbele sasa hivi huku breki ya nyuma ikiwa imeshikwa na cheni ikiwa imefungwa. Injini ikishatoka huna kitu rahisi cha kuizuia shafti isizunguke. Baada ya hapo ondoa cheni, nyaya na mabomba, ukiziwekea alama, na uitoe injini. Tafuta mtu wa kukusaidia kuinua, kwa kuwa injini ya mipigo minne haishikiki vizuri na mgongo hauna vipuri.

2. Vua kila kinachozuia kasha lisitengane: hedi, silinda na pistoni, klachi, gia ya msingi ya krenki, magneto na gia za kiwashio. Nyoosha kwanza washa ya kukunja iliyo nyuma ya nati ya klachi, na uangalie kitabuni iwapo nati hiyo ina hesi za kawaida au za kinyume. Kosa linalorudiwa mno ni kuchomeka bisibisi kati ya meno ya gia ili kuzuia mzunguko. Jino likikatika hapo, umejiongezea gharama kabla hujafika kwenye ubovu uliokuleta. Magneto nayo hutolewa kwa pula yake, kamwe si kwa nyundo.

3. Tenganisha kasha. Chora umbo la kasha kwenye kadibodi, utoboe matundu, na kila bolti unayoitoa uichomeke mahali pake, maana bolti hizi hutofautiana kwa urefu, na ndefu ikiingia pasipo pake inaweza kutoboa kasha. Injini ya silinda moja kwa kawaida hugawanyika kushoto na kulia: tumia pula kwenye krenki huku ukigonga ncha za shafti taratibu kwa nyundo ya plastiki, na nusu zote mbili ziinuke sambamba. Banshee, yenye silinda mbili, kasha lake hugawanyika juu na chini, na hilo hukuwezesha kuziona shafti zote zikiwa zimelala mahali pake. Kasha likikataa kutengana, simama uhesabu bolti upya. Karibu kila mara kuna moja iliyosahauliwa nyuma ya kifuniko au chini ya uchafu. Usichomeke bisibisi kati ya nyuso za kasha. Mkwaruzo mmoja hapo ni uvujaji wa kudumu.

4. Piga picha nyingi kabla hujagusa kitu, kisha weka ngoma kwenye nyutro, uvute fito za foki na kuzitoa foki moja moja. Nyingi zina herufi au namba. Andika kila moja ilikuwa wapi na alama yake ilitazama upande gani. Toa shafti zote mbili pamoja, zikiwa zimeshikana, kisha papasa beringi na kuta za kasha kwa kidole, kwa kuwa washa nyembamba ya mwisho wa shafti hupenda kubaki imenasa kwenye oili. Vua gia za shafti moja na kuzitunga kwenye waya kwa mpangilio ule ule zilivyotoka, pamoja na washa, bushi na saklipi zake, kabla ya kuigusa shafti ya pili.

5. Safisha kila kitu na ukague. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, nawe usiifanye usiku ukiwa umechoka. Kwenye meno ya mzunguko tafuta vishimo, ncha zilizokatika na nyufa kwenye shina la jino. Kwenye meno ya ubavuni na madirisha, tafuta kingo zilizoviringika: ukingo mzima hukwaruza ukucha, ukingo uliokwisha huutelezesha. Foki ipimwe unene wa ncha zake kwa kalipa na kulinganishwa na kikomo cha kitabu. Rangi ya bluu au kahawia kwenye ncha inaonyesha kwamba ilikuwa ikisuguana na mfereji wa gia muda wote, na upande mmoja ukiwa umelika kuliko mwingine, foki imepinda. Usiinyooshe, ibadilishe. Bingirisha fito za foki juu ya kioo, ikiyumba, haifai. Ngoma ikaguliwe kwenye kona za mifereji yake, na pini ya kila foki isiwe imetengeneza upande bapa. Shafti zipimwe upindaji wake kwa geji ya saa zikiwa kwenye vibao vya umbo la V. Kikomo mara nyingi ni chini ya sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo macho pekee hayatoshi. Mwisho, zungusha kila beringi kwa mkono ikiwa imeoshwa na kupakwa tone la oili, na ukihisi inakwama au inakwaruza, nafasi yake ni kwenye taka. Usiizungushe kwa hewa ya kompresa.

Ikiwa ATV yako ni ya mipigo minne na injini inashirikiana oili na giaboksi, vipande vya chuma havikubaki kwenye giaboksi. Vimepita kwenye chujio na huenda vimefika kwenye pampu, kwa hiyo fungua pampu, osha njia zote za oili kwa kiyeyusho na hewa, na uikague beringi ya mkono wa pistoni. Injini za mipigo miwili kama Banshee huweka oili ya giaboksi mbali na krenki, na hapo unaepuka sehemu kubwa ya kazi hii.

6. Taja chanzo kwa maneno kabla ya kuandika orodha ya vipuri. Meno ya ubavuni yaliyoviringika pande zote mbili pamoja na foki ya bluu huashiria ubadilishaji wa gia wa nusu nusu, au pedali iliyopangwa vibaya hadi kiatu hakiimalizi safari yake. Jino la mzunguko lililokatika safi huku majirani yake yakiwa mazima huashiria pigo la ghafla, kwa mfano kutua kutoka juu huku gurudumu likizunguka kwa moto mkubwa. Vishimo kwenye meno mengi huashiria oili mbovu au pungufu. Beringi ya shafti ya kutoa iliyokufa peke yake mara nyingi ni kazi ya cheni iliyokazwa mno. Gia ya pili huchakaa kuliko nyingine kwa sababu iko ng'ambo ya nyutro, hivyo ngoma hulazimika kuipita nyutro kuifikia kutoka gia ya kwanza, na mguu mvivu huiachia njiani.

7. Amua cha kubadilisha na cha kuimarisha. Kanuni ya kwanza ni jozi: gia mpya haifungwi na gia ya zamani iliyochakaa katika meno yale yale, na gia yenye meno ya ubavuni mapya haiingizwi kwenye madirisha yaliyoviringika. Hili ndilo jibu la swali la kubadilisha gia moja peke yake. Inawezekana tu pale ambapo mwenzake wa mzunguko na mwenzake wa ubavuni wote wamepita ukaguzi bila shaka yoyote.

Uimarishaji ninaouona kuwa na faida ya wazi kuliko wote ni kukata meno ya ubavuni na madirisha yake kwa mteremko wa ndani, kwa kawaida nyuzi 3 hadi 5, ili nguvu ya injini ivute gia mbili zikumbatiane badala ya kuzisukuma ziachane. Kazi hii hufanywa na karakana yenye mashine ya kugawanya pembe kwa usahihi. Usiifanye kwa mashine ya mkono ya kusagia, kwa sababu mbili: ugumu wa gia uko kwenye tabaka la nje ambalo halifiki mbali ndani ya chuma, na joto la kusaga hulilainisha, pia meno yasipolingana, moja tu ndilo litakalobeba mzigo wote na ndilo litakalokatika. Fahamu vilevile kwamba gia zilizokatwa hivyo hukataa kutoka zikiwa chini ya mzigo, kwa hiyo itakubidi uachie moto kidogo kila unapobadilisha. Si lazima gia zote zikatwe. Ya pili na ya tatu hutosha kwa wengi.

Kinachofuata kwa thamani ni kupigwa risasi ndogo za chuma, kazi ambayo hukaza ngozi ya jino na kuchelewesha nyufa za uchovu. Hufanyika baada ya ukataji wote kwisha, na nyuso za beringi hufunikwa. Foki za chuma kizito ni nzuri ikiwa zako zilipinda bila gia kuharibika. Ugandishaji wa gia kwa baridi kali unatangazwa sana, nami huuweka mwisho kabisa wa orodha, kwa kuwa mwenye ATV hana njia rahisi ya kupima alichokilipia. Springi ngumu zaidi ya roli ya ngoma ni ya bei ndogo, lakini ikizidi ugumu huifanya pedali iwe nzito na kuongeza mabadilisho ya nusu nusu, yaani inakurudisha kwenye ubovu ule ule.

8. Shughulikia kasha. Cheni iliyokatika na kujikunja nyuma ya sproketi huweza kupasua kasha mahali pale pale. Ufa ulio mbali na beringi unaweza kuchomelewa kwa njia ya TIG (uchomeleaji wa umeme wenye gesi ya kinga) na fundi aliyezoea alumini, baada ya oili kuondolewa kabisa na kasha kupashwa joto. Ufa unaoingia kwenye shimo la beringi ni habari nyingine: kuchomelea hupindisha shimo, nalo lazima litobolewe upya kwenye mashine likiwa limefungwa na nusu ya pili. Nusu mbili za kasha mara nyingi hutobolewa pamoja kiwandani, kwa hiyo usiunganishe nusu moja na ya injini nyingine. Gundi za chuma za mirija huzuia uvujaji, hazibebi mzigo. Ukiona mng'ao wa duara ndani ya shimo, beringi ilikuwa ikizunguka humo. Dawa yake ni bushi iliyokerezwa au kasha jingine. Kuupiga ukuta wa shimo alama kwa tindo ili ubane ni udanganyifu unaodumu siku chache.

9. Funga beringi mpya. Osha kasha kwa sabuni hadi harufu yote ya petroli iishe, ndipo uliweke kwenye oveni kwenye joto la takriban nyuzi 100 za Selsiasi, huku beringi zikiwa kwenye friza. Tone la maji linaloruka na kukauka mara moja juu ya alumini linakuonyesha kwamba kasha liko tayari. Beringi inapaswa kudumbukia kwa uzito wake au kwa kusukumwa kidogo. Ikihitaji kusaidiwa, sukuma pete ya nje peke yake kwa bomba la kipenyo hicho. Usitumie moto wa wazi, kwa maana hupasha upande mmoja na kulipinda kasha. Skrubu za vibao vinavyozuia beringi zipakwe gundi ya kufungia.

10. Panga shafti upya, ukipaka oili kila uso unaosuguana. Saklipi ina upande wenye kingo zilizoviringika na upande wenye kingo kali: ule wa mviringo utazame kitu kinachoisukuma, ule mkali uegemee ukuta wa mfereji. Mwanya wake uwe juu ya bonde la splaini (meno marefu yaliyochongwa kwenye shafti), ili ncha zote mbili zibebwe na vilele. Ipanue kadiri ya kupita tu, kisha uizungushe kidogo kuhakikisha imekaa ndani ya mfereji pande zote. Bushi zenye tundu la oili zilingane na tundu la shafti. Ukilikosa hilo, gia itakauka na kuunguza bushi huku oili ikiwa imejaa. Linganisha na waya wako na picha zako, kisha ulinganishe tena na mchoro wa kitabu, kwa kuwa huenda aliyeifungua injini kabla yako alikosea.

11. Fanya jaribio la mkono kabla ya gundi yoyote. Weka shafti, foki, ngoma na gia ya kurudi nyuma ikiwa ipo, fungia nyota na roli yake, kisha zungusha shafti ya kutoa kwa mkono mmoja na ngoma kwa mwingine, ukipita gia zote kwenda na kurudi. Kwenye nyutro shafti zote mbili zizunguke bila kusukumana. Kwenye kila gia angalia kwamba meno ya ubavuni yameingia kwa kina na kwamba foki, roli ikishatulia, ina nafasi ndogo pande zote mbili ndani ya mfereji wa gia. Foki inayobanwa upande mmoja hata baada ya gia kuingia ndiyo itakayokuwa ya bluu mwakani. Sababu yake huwa ni washa ya kurekebishia nafasi iliyosahauliwa, foki iliyobadilishana nafasi na mwenzake, au ngoma isiyokaa sawa. Usiendelee hadi uipate.

12. Funga kasha. Nyuso ziwe kavu na safi, pini za kulinganisha ziwe mahali pake, na gundi ya gasketi ipakwe nyembamba, mbali na matundu ya oili. Ziada inayojiminya ndani huishia kwenye chujio. Nusu mbili zikutane kwa kusukumwa kwa mikono na kugongwa kidogo kwa nyundo ya plastiki. Ikibaki nafasi, usiifunge kwa kukaza bolti, kwa sababu kuna washa, fito au pini iliyokaa vibaya. Kaza kwa awamu, ukianzia katikati na kuvuka upande hadi upande, hadi torki ya kitabu. Bolti za M6 kwenye alumini mara nyingi huishia karibu niutoni-mita 10. Zungusha krenki na shafti. Zikiwa nzito, gonga ncha zake kidogo zijipange katikati, na zikibaki nzito, fungua tena sasa, wakati gundi haijakauka. Rudia jaribio la gia zote.

13. Rudisha klachi, magneto, silinda na vilivyobaki, ukiweka washa mpya za kukunja na kurekebisha ulegevu wa waya wa klachi. Jaza oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2 ikiwa klachi inalowa oili hiyo. Oili ya gari iliyotiwa vipunguza msuguano huifanya klachi iteleze. Funga cheni kwa ulegevu wa kitabu, ukipima ekseli ikiwa mahali ambapo cheni hukaza zaidi. Inua magurudumu ya nyuma kwenye vigingi imara, washa injini, na upite gia zote kwa moto mdogo, ukiwa mbali na cheni. Safari ya kwanza iwe fupi na ya upole, takriban nusu saa, kisha mwaga oili ikiwa ya moto na uangalie sumaku. Ujiuji wa kijivu utakuwapo. Vipande havipaswi kuwapo.

Kikikataa baada ya kufunga

Gia zinaingia injini ikiwa imezimwa lakini hazikubali ikiwaka: hiyo ni klachi. Rekebisha waya, kagua sahani zilizopinda na makovu ya vidole vya kikapu, kabla ya kulifikiria kasha.

Gia zinaishia ya tatu au ya nne na haziendelei: foki moja imewekwa kinyume au kwenye fito isiyo yake, au bolti ya nyota imelegea na pini yake kutoka. Kagua nyota kwanza, kwa sababu hufikiwa bila kutenganisha kasha.

Gia inaruka bado, na ni ile ile: ikiwa ulibadilisha gia na kuiacha foki, au ulibadilisha meno na kuyaacha madirisha, jibu liko hapo. Ikiwa vyote ni vipya, pima nafasi ya shafti kusogea pembeni, kwani washa ya mwisho iliyokosekana huiruhusu gia kukimbia.

Nyutro haipatikani ATV ikiwa imesimama: oili nzito ikiwa baridi inaweza kusababisha hilo, lakini klachi inayokokota ndiyo sababu ya kawaida. Mlio mwembamba unaopanda na mwendo katika gia moja tu hutokana na jozi iliyochanganywa, mpya na ya zamani, na hauishi kwa kuongeza oili.

Oili inavuja nyuma ya sproketi ya mbele: kagua iwapo mdomo wa sili ulikunjika ulipopita kwenye splaini, iwapo pete ya mpira iliyo chini ya kola ilisahauliwa, na iwapo kola yenyewe ina mfereji uliochimbwa na sili ya zamani. Kola hugeuzwa au hubadilishwa, na kazi hiyo kwenye injini nyingi hufanyika kwa kuondoa sproketi tu.